Sauti ya Kufukuzia Ndege

Dada Mwanaidi,

Nimekaa kwenye benchi lako hapa stendi ya Kibiti, lile lenye mguu mmoja wa tofali, na mwanao Zuhura amenipa chai bila kuniuliza kama ninataka. Tangawizi ameizidisha kama ulivyokuwa unaizidisha. Maandazi bado hayajapata umbo. Mengine yana pembe nne, mengine yana pembe ambazo shuleni hatukufundishwa. Wateja wako wamebaki. Fundi baiskeli bado anachovya andazi mpaka linakatika, kisha analisaka chini ya kikombe kama mtu aliyeangusha funguo kisimani. Leo amesema, "Chai nzuri, ila hainitukani." Zuhura akamwambia ampe muda, anajifunza.

Wiki ya tano hii tangu tukuzike. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuanza ambayo haitanionyesha ubaya wangu. Sijaipata. Naanza hivyo hivyo.

Kile kitabu cha maisha yangu kinatakiwa kwa mpiga chapa Ijumaa, na kama kilivyo mezani kwa mhariri, wewe humo. Yaani umo, umepika. Ukurasa wa nne umepika uji. Ukurasa wa tisa umefua kaptula yangu ya shule. Ukurasa wa kumi na nne umeolewa. Basi. Mwanamume mzima nimeandika kurasa mia mbili kueleza nilivyojifunza kuchekesha watu, na aliyenifundisha nikamweka jikoni.

Acha nikusimulie unayoyajua kuliko mimi. Nataka niyaone angalau mara moja yakiwa kwa mwandiko wangu.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, wewe kumi na miwili. Baba akaenda Mafia kuvua kamba, akasema atarudi kamba wakipungua. Nadhani mpaka leo hawajapungua. Alirudi mara moja tu, kuchukua wavu aliousahau. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba, na mke mwenye kumbukumbu kali ya nani kala nini. Akatupa kazi ya kuamia mpunga wake, yaani kuufukuzia ndege, kule Salale, ng'ambo ya mkono wa mto, na dungu la kukaa: nguzo nne za mikoko, sakafu ya fito, paa la makuti, ngazi ya vipande vitano, na cha tatu hakikuwepo. Akatushusha kwenye mtumbwi na unga, chumvi, na wosia mmoja: "Ndege wakila, na nyie mmeshakula." Halafu akapiga kasia. Tulibaki tunatazama mgongo wake mpaka mikoko ikamfunika.

Watu wa mjini nikiwaambia kuamia ndege wanadhani ni mchezo wa watoto. Hawajui kwamba mpunga ukianza kushika maziwa, kwelea wanashuka kama mtu amekung'uta shuka lenye mchanga, na ukienda haja ndogo unaweza kurudi ukakuta mabua. Kutoka alfajiri mpaka magharibi hukai chini. Tulikuwa na makopo kwenye ugwe, tulikuwa na teo, tulikuwa na madongo ya kurushia. Lakini kopo lina sauti moja tu. Siku ya tatu ndege wamelizoea, wanatua juu yake. Na mtu ni hivyo hivyo: nilipiga "hoo, hoo" mpaka koo likakauka, wakaniona kama jirani mwenye redio.

Wewe ndiye uliyegundua. Uligundua kwamba ndege haogopi kelele, anaogopa mgeni. Basi kila siku ukawaletea mgeni mpya. Asubuhi alikuja mwalimu wa madrasa, akawauliza wamefikia sura gani. Adhuhuri alikuja mwenyekiti wa kijiji na ajenda zake, na wallahi waliruka kabla hajafika kwenye mengineyo. Alikuja mkunga. Alikuja mnunuzi wa kamba kutoka mjini, anayeongea kwa pua. Na alasiri, njaa ilipokuwa imekaa kitako, alikuja yeye, Bi Mwamvua.

Ulijifunga kanga kiunoni, ukashika kijiti kama mwiko, ukasimama ukingoni mwa dungu kama msimamizi wa masufuria kwenye shughuli ya harusi, ukawatazama wale ndege wote mmoja mmoja kama wazamiaji.

"Nani kakualika weye? Wa upande wa bibi au wa bwana? Mbona kwenye kutwanga sikukuona, kwenye kula ndiyo nakuona? Na huyo uliyekuja naye, naye kaalikwa? Haya, simameni mstari. Nyie wa kahawia, ondokeni wote, familia yenu tunaijua!"

Nikacheka mpaka nikateleza kwenye ngazi, pale pale pasipo na kipande. Ukashuka ukaniokota kwenye matope, ukaniuliza kwa sauti ile ile kama mimi ni wa upande wa bibi au wa bwana.

Na jua likielekea kuzama, ndege wakishakwenda, tulikuwa tunasonga ugali. Mboga hakuna. Kamba wamejaa mtoni, lakini wavu alikwenda nao baba. Wewe ukawa unanisimulia mchuzi. "Hapa kuna kamba wakubwa, nimewatoa maganda. Tui la kwanza limeingia, usikoroge sana litakatika. Ndimu. Haya, mega tonge, chovya, subiri ushike ladha." Nilikuwa nachovya hewani, Dada. Na nilikuwa nasubiri kweli. Siku moja nilikwambia chumvi imezidi, ukaomba radhi, ukaongeza tui.

Haya yote nimewahi kuyachekesha jukwaani, tena vizuri. Kuna kitu kimoja tu kimenishinda. Tulikuwa watoto wawili wenye njaa, kutwa tunafukuza wazamiaji kwenye karamu ambayo hata sisi hatukualikwa. Hicho sijakipatia kicheko. Nimejaribu sana.

Mavuno yalipokwisha, baba mdogo akasema ana uwezo wa kumpeleka shule mtoto mmoja kati ya wawili. Ulisema niende mimi, wewe kusoma tayari unajua. Ulikuwa umeishia darasa la tano. Mpaka unakufa ulikuwa unasoma kwa kidole, neno, pumzi, neno. Mimi nikasoma mpaka nikapata maneno ya kukutoa.

Dar nilikwenda nikiwa na miaka kumi na tisa. Wewe ulikuwa umeshaolewa Mtunda, unalima muhogo wa mume wako na unabishana na mama yake. Mimi nikawa mbeba viti vya kukodi kwenye sherehe. Siku moja huko Mbagala mshereheshaji hakutokea. Watu wameshakaa, nyama bado haijaiva, upande wa bibi harusi wameanza kuwaambia upande wa bwana walichokuwa wamekificha moyoni tangu posa. Nikachukua kipaza sauti. Sikuwa na neno hata moja kichwani. Nikafungua mdomo, ukatoka wewe.

"Nani kakualika weye?"

Dada, walicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia. Yule mzee aliyekuwa amesimama kugombana alikaa chini akajifuta macho kwa koti la mwenzake. Na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikaona watu wananitazama bila kuniuliza viti viko wapi.

Mengine unayajua. Harusi zikawa nyingi. Zikaja video za kwenye simu. Likaja jukwaa, kanga ya kununuliwa, mwiko mkubwa wa kuchongwa maalumu. Mpaka mikoani huko watu wasiojua jina langu wananiamkia, "Shikamoo Bi Mwamvua." Kwenye magazeti wakaandika kwamba nimejifunza mwenyewe, na mimi sikumtuma mtu kuwakanusha.

Halafu ile siku ya redio. Mtangazaji akaniuliza, huyu Bi Mwamvua ulimtoa wapi? Nikasema, "Nilimuota." Niliwahi kujiambia kwamba ilikuwa haraka. Haikuwa haraka. Ilikuwa woga wa mtu aliyepata sahani moja na anasikia hodi mlangoni.

Jioni ile ukanipigia. Ulikuwa umeshaachika Mtunda, umeshahamia hapa na Zuhura na birika.

"Nimekusikia kwenye redio ya fundi baiskeli," ulisema. "Kumbe uliniota."

Nikakwambia watu wa redio wanataka majibu mafupi.

"Kweli," ukasema. "Na jina langu refu."

Tangu siku ile, kila ulipopiga simu ulianza hivyo: "Haloo, ndoto hapa. Umekula?" Nami nikacheka, na wewe ukacheka, na kwa kuwa tumecheka nikahesabu shauri limekwisha. Mtu anayeishi kwa kuchekesha watu angetakiwa kujua kwamba kicheko si risiti.

Nikaja kukuletea kitabu kabla hakijakamilika. Nilijiambia ni heshima. Nadhani nilikuwa nataka unipitishe. Zuhura akakusomea hapa hapa, alasiri tatu mfululizo, maandazi yakishaisha. Mimi nikakaa mwisho wa benchi najifanya naangalia mabasi ya Ikwiriri. Hukumkatiza hata mara moja. Ukurasa ule wa dungu, ule ulioandikwa "mtoto peke yake juu ya nguzo nne, akiwabunia ndege sauti," nilikusikia umeacha kusugua sufuria. Kisha ukaendelea kusugua.

Zuhura alipofunga, ulijifuta unga mikononi. Ukasema, "Kitabu kizuri. Kiswahili kimenyooka. Ila huyo mtoto alikuwa mpweke sana kwenye hilo dungu. Ningejua, ningekwenda kumtembelea."

Zuhura alicheka. Alidhani ni yale yale yetu ya kutaniana. Akakutazama, akaacha.

Nikasema nitarekebisha. Ukasema, "Usirekebishe kwa ajili yangu. Mie najua nilikuwa wapi."

Sikurekebisha. Nilirudi Dar, nikawa na maonyesho matatu, nikawa na mafua, nikawa na kila kitu. Kila nikifungua ule ukurasa naona jambo moja: wewe ukipanda kwenye lile dungu, mimi nabaki nani? Nabaki mtoto aliyekuwa anacheka. Nani atanunua kitabu cha mtu aliyekuwa anacheka? Nikaufunga. Nikasema wiki ijayo.

Jumanne Zuhura akanipigia simu. Ulikuwa unakanda unga, ukakaa, ukasema mikono imekuwa mizito. Hospitali ulifika unapumua. Adhuhuri haikukukuta.

Nilipofika nyumbani kwako niliingia kwanza jikoni, sijui kwa nini, labda miguu ilizoea. Ule unga ulikuwa umeumuka. Umevuka beseni, umeshuka pembeni, umegusa sakafu. Nyumba nzima imejaa watu, na hakuna aliyekumbuka kuukandamiza. Nilipiga magoti nikaanza kuurudisha kwenye beseni kwa viganja viwili. Wakanikuta hivyo. Wakanivua saa, wakaninawisha, wakanipeleka kukuzika.

Sasa nikwambie kuhusu siku ya tatu, maana hukuwepo, ingawa waliokuwepo wote wanasema ulikuwepo.

Unamjua Bi Pili, Mmatumbi wa nyuma ya soko, mtani wetu. Hakuna msiba wa Kindengereko mtaa huu ambao hajauharibu. Siku ya tatu, dua imesomwa, wali unaiva, mimi nimekaa mkekani na wanaume. Yeye akaingia chumbani kwako bila kuomba ruhusa ya mtu, kama ilivyo haki yake. Akatoka na kanga yako, ile ya maua mekundu. Amevaa kandambili zako. Amejipaka unga mpaka kwenye viwiko. Akaenda moja kwa moja kwenye masufuria, akamnyang'anya mpishi mwiko, akashika kiuno.

"Nani kakualika weye? Wa upande wa marehemu au wa wali? Mbona kwenye kuchambua mchele sikukuona?"

Dada, Mungu anisamehe. Niliinua kichwa na kuutengeneza uso. Nilidhani ananiigiza mimi. Nilidhani, katikati ya matanga yako, mama wa watu anapiga onyesho langu kwa kuniheshimu. Nilikuwa tayari na lile tabasamu la unyenyekevu ninalowapa watu wanaoomba picha.

Kuna mtoto mmoja kule kwa wanawake akapiga kelele, "Anamuigiza anko wa kwenye simu!"

Na bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho kutoka kwenye ungo, akasema, "Nyoo! Anko wa kwenye simu ndiye anamuigiza marehemu. Huyo hapo marehemu mwenyewe."

"Mwenyewe kabisa!" wakaitikia. "Jamani, Mwanaidi! Mtazame na kiuno chake!" Wakacheka, na katikati ya kucheka wakaanza kulia, na wengine wakawa wanafanya vyote viwili.

Walikuwa wanajua. Stendi nzima ilikuwa inajua. Miaka yote hiyo nilipokuwa natokea kwenye simu zao, hapa Kibiti hawakuwa wananiona mimi. Walikuwa wanasema, ona, kamtoa Mwanaidi leo, kampatia vizuri. Hakuna aliyeona siri ya kuniambia. Walidhani najua.

Bi Pili akavuka kuja upande wa wanaume na mwiko wake unaodondosha mchuzi. Akasimama mbele yangu.

"Na weye? Upande gani?"

Wanaume wakaanza kuguna kwa raha.

"Sauti umeshabeba," akasema. "Leo umefuata na masufuria?"

Unaijua sheria. Mtani hakasirikiwi. Atakulalia njiani jeneza lisipite, atamtukana maiti wako, atakwambia mbele ya shehe neno ambalo ndugu zako wa damu wamelimeza miaka kumi, na wewe kazi yako ni moja tu, kumjibu. Asiyejibu kashindwa. Watu wote wakanitazama. Mimi ndiye mwenye mdomo wa kulipiwa, mimi ndiye wa kwenye simu. Nikatafuta neno. Nikapata moja, bovu.

"Nimealikwa na marehemu," nikasema.

"Muongo," akasema Bi Pili. "Weye hukumwalika kitabuni mwako, yeye akualike kwenye wali wake?"

Walicheka mpaka mkeka ukahama. Nami nikacheka, maana ndiyo sheria. Sikuuliza kitabu kakijuaje. Zuhura alikuwa kwenye kizingiti, anatazama miguu yake.

Kisha Bi Pili akainama. Akaniwekea sahani yeye mwenyewe, na pande la nyama lililo kubwa kuliko yote, akasema kwa sauti yake ya kweli, ya chini, yenye Kimatumbi chake, "Kula, mtani. Yangu yamekwisha." Akaenda kando ya ukuta, akavua kanga yako, akaikunja vizuri, akakaa nayo mapajani akalia kama mtu aliyekuwa anasubiri zamu. Nilikula. Wali ulikuwa umeshika ukoko. Usingeuruhusu.

Wiki tatu baadaye nikapanda jukwaani Dar, maana nilikuwa nimeshaahidi. Nilijifunga kanga. Sauti ikaja, wala haikusita, na ukumbi ukaanguka kama kawaida yake. Lakini safari hii nilikuwa nasikia na yule mtoto: anamuigiza, anamuigiza. Nikamaliza mapema. Mwenye ukumbi akaniuliza kama ni tumbo.

Asubuhi yake nikampigia mhariri. Nikamwambia nataka kubadilisha sura ya kwanza.

"Sentensi ipi?" akaniuliza.

"Ile inayosema mtoto alikuwa peke yake."

"Kaka Shabani, hiyo ndiyo sentensi yenyewe. Kitabu chote kimesimama hapo."

Nikamwambia ndiyo maana. Nikasikia anafungua kalenda. Akanipa mpaka Ijumaa, na akanikumbusha, kwa upole, kwamba nilisema redioni nilimuota. Nikamwambia aandike kwamba nilidanganya. Aliuliza kama nina uhakika na neno hilo. Nimelitazama sana, Dada. Yapo mengine laini zaidi. Nimeliacha hilo.

Nimeandika siku nne. Katika kurasa mpya wewe umo kuanzia mstari wa kwanza, umesimama ukingoni na kijiti chako, na mimi ndiye nacheka. Nilidhani nitakuwa nimepotea. Nikaona na anayecheka ana kazi yake. Bila mimi ungekuwa msichana anayeongea na ndege, na wangekuletea mganga. Najitafutia faraja hapo, najua.

Leo asubuhi nimeshuka hapa na kurasa hizo mkobani. Nikampa Zuhura. Kasoma amesimama, kati ya mteja na mteja, na penseli ya nyuma ya sikio. Kanisahihisha mara sita. Kumbe mwenyekiti wa kijiji wewe ulimpa kikohozi, mimi nimekisahau. Kumbe mnunuzi wa kamba hakuwa wa kutoka mjini, alikuwa shemeji yake baba mdogo. Yote ulimsimulia, huku mnakanda, nami sikuwahi kuuliza mnaongea nini huko jikoni. Alipofika mwisho kajifuta macho kwa mgongo wa kiganja, kaniachia unga kwenye karatasi, kasema, "Sasa hiki ni kitabu." Kurasa zinapanda basi leo.

Lakini karatasi ni rahisi. Nilikuwa na jingine, na hilo ndilo nililolirudia kimoyomoyo njia nzima kutoka Dar. Nikamwambia, Zuhura, sauti ile ni ya mama yako. Mama yako hayupo, kwa hiyo ni yako. Nimeitumia miaka ishirini bila kuomba. Ukisema niache, naacha.

Akanitazama. Hakuacha kumimina chai.

"Mjomba, unaniomba au unanitaarifu?"

Nikasema, naomba.

"Ukiacha utakula nini?"

Nikasema, sijui.

Nilitegemea aseme, aa mjomba, endelea tu, sisi ni damu moja. Mtu yeyote mwenye adabu angesema hivyo. Wewe umemlea vibaya, Dada, nakushukuru. Amefikiri mpaka kikombe kimefurika. Kisha akasema, "Arobaini ni wiki ijayo. Nitakujibu siku hiyo, mbele ya watu. Sasa hivi nikijibu nitakuonea huruma, na mama hakupenda mambo ya kuoneana huruma."

Basi nasubiri. Nina miaka arobaini na mmoja na nasubiri jibu la binti wa miaka ishirini na miwili mwenye unga puani. Mwenye ukumbi kanipigia mara mbili tangu asubuhi, anataka tarehe. Nimemwambia Bi Mwamvua yuko msibani, na kurudi kwake si amri yangu.

Kaburi lako nimelipitia kabla sijaja hapa. Nyasi zimeanza. Nimeziacha, ulikuwa unapenda kitu kinachoota bila kuambiwa. Nilikaa nikataka kukwambia haya kwa mdomo, nikaona kila sauti inayonijia ya kusemea ni ile yako. Ndipo nikatafuta karatasi.

Nakuaga sasa, Dada, kwa kuaga kule ambako Jumanne ile hatukupata. Aliyekuchukua akupokee kama mgeni aliyealikwa kwa jina, akukalishe mbele, na mtu asikuulize umetoka upande gani. Nami nakuahidi: siku ya arobaini nitakuwepo tangu kuchambua mchele, si kula tu. Nitasimama mbele ya Bi Pili na wenzake wote na kusema kwa mdomo wangu niliyoyaandika. Zuhura akisema endelea, kila nitakaposimama nitakutaja kwanza, jina lako na la baba yetu, ndipo nifungue mdomo. Na akisema hapana, nitaikunja ile kanga nimpe, nitapanda jukwaani na nguo zangu, nijaribu kuongea na watu kwa sauti yangu mwenyewe. Naiogopa, Dada. Sijawahi kuisikia.

Mdogo wako,
Shabani